Mzigo Ukae Wapi?

Hotuba kwa mafundi na wanafunzi wa ufundi magari, Tanga. Ndugu waliokuwa safarini siku hiyo waliomba maneno yote, si muhtasari. Haya hapa kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, habari za kazi. Na nyinyi wanangu mnaosomea kazi hii, hamjambo? Ahsanteni kwa kuacha gereji zenu siku ya Jumamosi, siku ya wateja, mkaja kunisikiliza nikisema juu ya gari moja tu, tena gari ambalo wengi wetu hapa hatujawahi kulifungua boneti.

Naanza na barabara. Mwisho wa Aprili 1951, mji wa Brescia, kaskazini mwa Italia. Kuna mashindano yanaitwa Mille Miglia, yaani maili elfu. Unatoka Brescia, unashuka mpaka Roma, unapanda tena kurudi Brescia, yote katika barabara za kawaida zinazokata miji, vijiji na milima. Aliyeshinda mwaka ule ni Luigi Villoresi, ndani ya Ferrari ya silinda 12, injini ya zaidi ya lita nne. Hilo halimshangazi mtu. Sasa sikilizeni: aliyeshika nafasi ya pili alikuwa Giovanni Bracco, ndani ya Lancia Aurelia B20, gari la kiwanda cha Lancia cha Torino. Ndilo gari ninalolisema leo. Lita mbili. Silinda sita. Gari lenye paa, lenye viti vya nyuma, lenye buti la kuwekea masanduku. Gari ambalo lilikuwa limeonyeshwa kwa umma mwezi uleule, kwenye maonyesho ya magari ya Torino.

Liliwezaje?

Kwa nguvu? Aurelia B20 la kwanza lilitoka kiwandani na nguvu farasi 75. Vitz ya lita moja, hizi zinazopita hapo nje, inakaribia hapo. Hata ukiliandaa kwa mashindano ukaliongezea kidogo, kwa nguvu peke yake humfikii mwenye lita nne. Basi liliwezaje?

Jibu langu ni hili, na nitalirudia mpaka mlizoee: waliolibuni waliuliza swali moja kabla ya mengine yote. Mzigo ukae wapi?

Kwanza tuelewane juu ya aina ya gari lenyewe. Waitaliano wanasema gran turismo, safari kubwa. Ni gari la mtu anayeondoka Torino alfajiri na mwenzake na masanduku yao, akafika Roma siku hiyohiyo, akashuka na suti yake, akaenda kula chakula cha jioni na watu. Hajachoka. Mgongo haumuumi. Masikio hayavumi. Hata jina Aurelia ni jina la barabara, ile njia ya Warumi wa kale inayotoka Roma kufuata pwani kwenda kaskazini. Lancia waliendelea hivyo kwa miaka: Appia, Flaminia, Flavia, Fulvia, zote ni njia za Kirumi. Mnaona walivyofikiri? Gari wanaliita kwa jina la safari yake.

Na gari la mashindano ni rahisi kulibuni kuliko hili. Ndiyo, nimesema rahisi. Gari la mashindano likimtesa dereva, dereva anavumilia kwa sababu ndiyo kazi yake. Gari la safari kubwa linatakiwa likimbie na lisimtese mtu, na mambo hayo mawili kwa kawaida hayakai nyumba moja. Ukikaza springi ili lishike kona, abiria anarushwa. Ukilegeza, gari linayumba kama mashua isiyo na farumi. Wale watu wa Torino walikataa kuchagua upande mmoja.

Niwape kisa. Nikiwa kijana nilikuwa utingo kwenye Fuso, tukibeba machungwa kutoka Muheza kwenda Dar es Salaam. Siku moja tulipakia kwa haraka, usiku, na wapakiaji wakarundika magunia mengi nyuma kabisa, nje ya ekseli. Uzito wa jumla haukuzidi. Ulikuwa uleule wa siku zote. Tukaondoka. Hatujafika Segera, dereva akanyamaza ghafla, mikono imeshika usukani kama anashika yai. Akaniambia, "Kijana, mbele hakuna kitu." Usukani umekuwa mwepesi, kila tukipanda kilima magurudumu ya mbele yanataka kuaga barabara. Akasimamisha gari pembeni, tukashusha magunia thelathini kwa mkono, tukayapanga upya karibu na kebini, saa nane za usiku. Tulipoondoka lilikuwa gari jingine. Machungwa yaleyale, injini ileile, gari jingine.

Usiku ule nilijifunza jambo ambalo baadaye nililikuta limeandikwa kwenye chuma cha Aurelia. Katika gari la kawaida la zama zile, injini iko mbele, klachi nyuma yake, giaboksi nyuma ya klachi. Vyuma vizito vyote vimejazana miguuni mwa dereva. Lancia wakachukua klachi, wakachukua giaboksi, wakavipeleka nyuma na kuviunganisha na difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, kitu kimoja. Injini ikabaki mbele peke yake. Gari likawa na mzigo huku na mzigo huku, kama mtu aliyebeba ndoo mbili badala ya moja.

Fundi mwenye uzoefu hapa ataniuliza: na propela je, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini nyuma? Swali zuri sana. Kwa kuwa klachi iko nyuma, propela ya Aurelia inazunguka muda wote injini inapowaka, hata gari limesimama kwenye taa nyekundu. Na inazunguka kwa mwendo wa injini, ambao ni mkubwa kuliko mwendo wa propela ya gari la kawaida likiwa kwenye gia ya chini. Propela hiyo ikipinda hata kidogo, ikikosa mizani hata kidogo, abiria wote wanajua. Kwa hiyo uamuzi wa kuhamisha giaboksi uliwalazimisha kuisawazisha propela kwa uangalifu mkubwa. Na kulikuwa na la zaidi: kijiti cha gia kilikaa kwenye shina la usukani, giaboksi iko huko nyuma kabisa, kwa hiyo mkono wa dereva ukawa unaongea na gia kupitia vyuma vya kuunganisha vya urefu wa karibu gari zima. Uamuzi mmoja umezaa kazi nyingine tatu, nao walizifanya zote. Mimi hapa ndipo ninapowavulia kofia.

Halafu breki za nyuma. Sisi tumezoea drami ziko ndani ya gurudumu. Wao walizivuta ndani, zikakaa ubavuni mwa difu. Kwa nini? Vijana, jaribuni hili kesho: kimbieni na ndala, kisha kimbieni na buti lililojaa matope. Uzito ulio mguuni unakuchosha mara nyingi kuliko uzito uleule ukiwa mgongoni, kwa sababu mguu ndio unaopanda na kushuka. Gurudumu nalo ni mguu. Kila shimo, kila jiwe, linapanda na kushuka. Ukiliondolea uzito wa breki, linakuwa jepesi, linafuata barabara bila kuruka, na springi inaweza kuwa laini bila gari kupoteza kona. Huo ndio ule mkataba wa kukimbia na kutotesa niliousema. Haukupatikana kwa kiti kinene. Ulipatikana kwa kuuliza mzigo ukae wapi, mpaka kwenye breki.

Sasa nisije nikawafanya hawa watu malaika. Matoleo ya mwanzo ya Aurelia yalikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja na mkono wake, jambo geni kabisa kwa zama zile. Barabara mbovu yaliipenda. Lakini dereva akiingia kona kwa kasi halafu akaogopa, akaachia mafuta katikati ya kona, mkia ungeweza kumtoka bila taarifa. Waliposikia hivyo hawakubishana na madereva. Mwaka 1954, toleo la nne, wakaweka ekseli ya aina inayoitwa De Dion: magurudumu mawili yameunganishwa na bomba jepesi ili yabaki yamesimama sawa, lakini difu, giaboksi na breki vimebaki vimefungwa kwenye bodi, haviruki na magurudumu. Waliacha kitu walichojivunia, kwa ajili ya mtu aliyeshika usukani. Mnajua ni mafundi wangapi wanaweza kufanya hivyo? Kubomoa kazi yako mwenyewe uliyosifiwa nayo?

Nije kwenye injini. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mzee aliyenifundisha kazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na kipimo chake. Akimaliza kufunga injini, anaiwasha, anaiacha ipoe mlio, kisha anachukua kikombe chake cha chai ya rangi, kimejaa karibu na ukingo, anakiweka juu ya kava ya valvu. Anainama. Haangalii injini, anaangalia chai. Chai ikiwa na viduara vidogo vinavyokwenda katikati na kurudi, anatikisa kichwa, kuna silinda haifanyi kazi kama wenzake. Chai ikitulia, anainywa palepale.

Francesco de Virgilio, mhandisi wa Lancia, aliitafuta hiyo chai iliyotulia kwa hesabu. Alianza wakati Vita vya Pili vya Dunia bado vinapiganwa, na mkubwa wake kazini akawa Vittorio Jano, mtu ambaye alikwisha kuibuni Alfa Romeo P2 na P3 zilizotawala mashindano kabla ya vita. Tatizo lilikuwa hivi. Injini ya silinda nne katika mstari ni fupi, lakini ina mtetemo wake wa asili ambao haukwishi. Injini ya silinda sita katika mstari ni laini kama hariri, lakini ni ndefu, na injini ndefu inasukuma mzigo mbele. Mnaona swali letu limerudi? Mzigo ukae wapi! Basi ukizipanga silinda sita tatu kwa tatu, kwa umbo la herufi V, unapata injini fupi. Shida ni kwamba V ya silinda sita, ukiifanya ovyo, inatetemeka vibaya.

Tuhesabu pamoja. Injini ya mipigo minne, krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inazunguka mara ngapi ili kila silinda iwake mara moja? Mara mbili. Mara mbili ni digrii 720. Gawanya kwa silinda sita? Ndiyo, 120. Kwa hiyo ukitaka injini iwake kwa nafasi sawa, moto lazima uje kila digrii 120, tu, tu, tu, tu, tu, tu, bila kuruka wala kuwahi. Lakini ukiifungua V kwa digrii 60, na ukaziweka konrodi, ile mikono ya pistoni, za silinda mbili zinazotazamana kwenye jino moja la krankishafti, yaani pale konrodi inaposhika, moto hauji hivyo. Unakuja kwa kuchechemea. De Virgilio akaipa kila silinda jino lake mwenyewe. Meno sita, na kila jozi imetenganishwa kwa digrii 60. V ya 60, meno ya 60, moto kila 120. Mtikisiko mdogo uliobaki unazimwa na uzito wa kusawazisha kwenye krankishafti yenyewe.

Mwaka 1950 injini hiyo ikatoka ndani ya Aurelia B10, gari la milango minne, ikiwa na sentimita za ujazo 1,754 na nguvu farasi 56. Ndiyo V6 ya kwanza duniani kutengenezwa kwa mfululizo kiwandani kwa ajili ya magari ya kuuza. Bloku ni ya alumini, nyepesi. Kamshafti, mhimili unaofungua valvu, imekaa ndani ya V, katikati. Mwaka uliofuata ikapanuliwa ikawa lita mbili kwa ajili ya B20, na mwaka 1953 ikafika sentimita 2,451 na nguvu farasi 118. Fupi, nyepesi, tulivu. Kwa kuwa ni fupi, inakaa nyuma kidogo ndani ya boneti. Kwa kuwa ni tulivu, bodi haihitaji kubeba vizito vya kunyamazisha kelele. Kila kitu kinakishukuru kitu kingine.

Na bodi? Tunaokaa pwani tunaweza kuielewa haraka kuliko watu wa bara. Mwaka 1922 Vincenzo Lancia, mwanzilishi wa kampuni, alionyesha gari linaloitwa Lambda. Magari ya wakati ule yalikuwa kama kitanda: chesisi nzito chini, na juu yake sanduku la watu ambalo halibebi chochote. Lambda halikuwa na chesisi ya aina hiyo. Bodi lenyewe ndilo lililobeba. Inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwa kutazama meli. Nani kati yenu ameona jahazi likiundwa? Uliona wapi jahazi lenye kitanda cha chuma chini halafu mbao zikawekwa juu kama pambo? Mkuku, mataruma na mbao vinashikana, na mkutano wao ndio unaobeba shehena na kupambana na wimbi. Aurelia B20 ni mjukuu wa wazo hilo. Bodi linajibeba.

Ndiyo maana mtu aliyelichora hakuwa na haja ya kuficha kitu. Mchoro wa mwanzo unahusishwa na Mario Felice Boano wa karakana ya Ghia. Magari ya mwanzo yakajengwa kwa Viotti, kisha kazi ikaenda kwa Pinin Farina, ambaye aliendelea kulinyoosha toleo baada ya toleo. Wote ni watu wa Torino. Paa linaanzia juu ya kioo cha mbele, linateremka mpaka nyuma kwa mstari mmoja, halikatiki. Hakuna mapambo ya kromu yaliyorundikwa. Pitisha mkono kwa macho yako kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma, mkono haukwami popote. Na jambo litakalowafurahisha: miaka ya mwanzo usukani ulikuwa kulia kama magari yetu, ingawa Waitaliano wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Lancia walishikilia desturi hiyo, na dereva wa milimani aliipenda, kwa sababu alikaa upande wa ukingo, akaona mwisho wa barabara uko wapi na bonde linaanzia wapi.

Ushindi uliendelea. Mwaka 1952 Felice Bonetto alishinda mashindano ya Targa Florio, kule Sicilia, na Aurelia zikachukua nafasi tatu za kwanza. Mwaka 1954 Louis Chiron akashinda mbio za magari za Monte Carlo, barafu na theluji. Lakini mimi vikombe siviweki mbele sana.

Kuna upande wa uchungu, nao lazima niuseme kwa sababu hapa kuna watu wanaotaka kufungua gereji zao. Kazi ya namna hii ilikuwa ghali mno. Kuanzia 1951 mpaka 1958, B20 zilizotengenezwa hazikufika 4,000. Gianni Lancia, mtoto wa mwanzilishi, alipenda uhandisi kuliko hesabu za fedha. Akaingia mashindano makubwa kabisa na gari la D50, kazi ya Jano, na hata huko mtaliona swali letu: matangi ya mafuta yaliwekwa ubavuni, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, ili mafuta yakipungua mizani isibadilike. Mzigo ukae wapi! Mei 1955 dereva wake mkuu, Alberto Ascari, akafariki Monza akijaribu gari la kampuni nyingine. Fedha zikaisha. Miezi michache tu baadaye magari ya mashindano yakakabidhiwa kwa Ferrari, na familia ikapoteza kampuni. Mwaka 1956 Juan Manuel Fangio akawa bingwa wa dunia ndani ya magari yaleyale, chini ya Ferrari. Kila nikisoma habari hiyo naumia, kama vile ni nyumba ya ndugu yangu iliyouzwa.

Ila wazo halikuuzwa. Jano naye alikwenda Ferrari. Huko alikaa na kijana Alfredo Ferrari, mwana wa mwenye kampuni, aliyeitwa Dino, wakazungumza juu ya injini ya silinda sita za V. Kijana alifariki 1956, hajazeeka hata kidogo, ana miaka 24. Injini ikapewa jina lake. Miaka ikapita, V6 ya Dino ya lita 2.4 ikarudi kwa Lancia, ikawekwa nyuma ya viti vya gari fupi linaloitwa Stratos. Na Stratos, wazee wangu mliokuwa Kenya mwaka 1975 mnaikumbuka, ilikuja Safari Rally. Sandro Munari akamaliza wa pili, Björn Waldegård wa tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Hesabu iliyoanzia Torino wakati wa vita, ikapita mikono kadhaa, ikaja kula vumbi la Afrika Mashariki.

Na bado iko hapa. Hapa hapa. Chini ya shuka hilo mezani kuna krankishafti niliyoitoa kwenye Prado ya V6 iliyokufa kwa kukosa oili. Jino la pili limechubuka, mtaliona, ni jeusi kidogo. Nimeiweka juu ya vibao viwili vya mbao ili izunguke. Sogeeni wanne wanne, wanafunzi kwanza. Mmoja aizungushe polepole, mwingine ahesabu meno, na yule wa tatu achukue hii pembe ya kupimia apime jozi ya kwanza imetenganishwa kwa digrii ngapi. Msiniambie jibu, mwambieni yule wa nne. Ina oili bado, kwa hiyo kunjeni mikono ya mashati.